Koti la Profesa na Udi wa Mama

Sisi tuliokulia Rockville, Marekani, kabla simu hazijatuzidi akili, tulilelewa na kila mtu mzima aliyekuwa karibu. Shule ikifungwa kwa theluji, Mama alinichukua hadi kazini kwake, nyumbani kwa Profesa Hayato, mkemia wa Kijapani aliyestaafu na kufiwa na mkewe. Mama ndiye aliyempikia, akampa dawa na kumtembeza.

Mzee yule nampenda mpaka leo. Viatu tulivua mlangoni kama kwetu Mombasa, na Mama hakuchoka kumsifu kwa hilo. Nikimwamkia shikamoo, aliitika "Marahaba!" kwa sauti ya kamanda. Alinifundisha kuosha mchele hadi maji yatakate, huku akinisimulia maisha yake ya maabara, kwanza kwao Japani, kisha huku Maryland, akichunguza kwa nini miti mingine hunukia na mingine hainukii. Nilidhani ananitania. Mtu mzima alipwe kwa kunusa!

Kisha wakemia wenzake wakampa tuzo kubwa, akaipokee Washington, D.C. Jumamosi hiyo Mama akalipiga pasi koti lake jeusi. Halafu, kwa mazoea ya kwetu mtu akienda shughulini, akatia udi kwenye chetezo na kulifukiza. Kengele ya moshi ikalia. Hapo ndipo alipokumbuka onyo la wakala aliyemwajiri: ukiingiza manukato nyumba ya mzee, kazi huna.

"Yallah! Nimejifukuza kazi mwenyewe," akasema. "Fungua madirisha, mwanangu, hima!"

Nilifungua, baridi ikaingia, udi haukutoka. Koti jingine la heshima Profesa hakuwa nalo, na sisi tulikula kwa kazi ile tu.

Profesa akaja na mkongojo wake. Akalishika koti, akazamisha uso ndani yake.

"Sorry sana, Profesa, nilikuwa just—" Mama akaanza.

Profesa akainua mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka. Kwa Kiingereza chake cha polepole alituambia kwamba mama yake alikuwa akichoma mti huohuo wa udi mbele ya picha ya marehemu mumewe, na yeye, akiwa mdogo kuliko mimi, alimwuliza harufu inakwenda wapi. Swali hilo ndilo lililomfanya mkemia. Mama yake hakuwahi kuona jibu.

Jioni ile aliingia ukumbini akinukia udi, Mama na buibui lake kamshika mkono. Waliouliza huyo mama ni nani, Profesa aliwajibu kuwa ni wa familia yake.

Siku hizi wanangu wanajipulizia manukato ya chupa hadi napiga chafya, na jirani wa ukuta mmoja tunamjua kwa mlio wa mlango wake. Nikiwasimulia haya, wananijibu, "That's so sweet, Mom," macho kwenye simu. Profesa ametangulia, Mama naye. Natamani tu wanangu wawe na mzee mmoja wa mtaani, asiye damu yao, wa kumlilia kama nilivyomlilia yule.