Siku Niliyouchezea Muswada wa Barabara

Nitasema yote, maana hata leo nikipita mlangoni kwa Mama Furaha nageuza uso kama mtu anayetafuta nyota mchana, na ninyi mlioniona kwenye ile video mlishacheka, basi sasa mcheke mkijua kisa.

Ulikuwa mwaka ule wa korona tuliofungiwa ndani huku ugenini Bankstown, helikopta juu, polisi chini, mpaka na wanajeshi wanapita kugonga milango (wanasema wanauliza kama tuna chakula, lakini mimi mtu wa Uvira nikiona buti la askari mlangoni siwazi chakula). Maombi yangu ya uraia yalikuwa bado ofisini, na kuliko ugonjwa wenyewe nilichoogopa ni mkubwa fulani asikie jina langu vibaya anitie pale Villawood, kwenye kizuizi cha wahamiaji, ambapo nikipita kwa basi nafumba macho kabisa.

Sasa Mama Furaha, jirani yangu anayetunza wazee kule mbali na kila alfajiri anapita barabara ya kulipia, akaja dirishani na barakoa yake, akasema bunge la jimbo linatunga sheria ya kuipa kampuni barabara mpya, mkataba usionyeshwe kwa watu, na gharama tuje tuilipe sisi wapita njia mpaka wajukuu wazeeke. Kamati inataka kusikia wananchi, anatujazia fomu za kupinga. Maharage yangu yalikuwa yanaungua, nikamjibu ndiyo mama, andika tu jina. Hivyo tu, neno la mtu anayekimbilia sufuria.

Baadaye ikaja bahasha yenye nembo ya serikali. Mama Furaha akanisomea, naitwa mbele ya kamati Alhamisi, kwa video, dakika tano. Yeye anashangilia, mimi natafuta pa kuificha bahasha. Kwetu, enzi za Zaïre, mjomba wangu alilalamika juu ya daraja bovu, tena kwa sauti ndogo, tena dukani, na hatukumwona tena. (Hapo msicheke.)

Siku tatu nikatafuta pa kutokea. Nikaona dawa ni ile moja niliyoijua, animasyo. Vijana hamuijui: mkubwa akija, kiwanda kizima mnatoka na nguo za sare mnaimba sifa zake, mnacheza mpaka jasho, na anayecheza kivivu anaandikwa. Mimi nilikuwa kiongozi wa safu pale kiwanda cha sukari, viuno vilikuwa viuno, lakini tuyaache hayo.

Alhamisi nikavaa koti. Mama Furaha akaniwekea tableti mezani, akarudi kwake kutazama, na kanisa letu zima lilikuwa linatazama mtandaoni, kila mtu kwake. Mwenyekiti alikuwa mama wa nywele nyeupe, na pembeni dada Mkenya, mkalimani. Nikaulizwa nina maoni gani juu ya muswada. Nikasimama (nao wakabaki wanaona tumbo tu), nikaanza kupiga makofi na kuimba, mkataba wetu baba yetu, barabara yetu mama yetu, huku nazungusha kiuno. Mkalimani, nilikuja kuambiwa, alitafsiri neno moja tu: anaimba.

Nilipokaa nikihema, mwenyekiti akauliza taratibu mbona fomu inasema napinga.

"Ile fomu si yangu," nikasema. "Aliijaza Mama Furaha, jirani yangu, mlango wa bluu."

Ndugu zangu, nilitaja mpaka rangi ya mlango. Aibu yangu ni hiyo, kiuno mnisamehe.

Yule mama akavua miwani, akasema maneno, na mkalimani akaniambia, "Mzee, anasema hakuna atakayefuatwa. Hapa kupinga ni ruhusa."

Sikuamini. Nikaifunika tableti kwa kitambaa cha jikoni nikidhani nimeizima, nikapiga magoti, nikamwomba Mungu kwa sauti wasinipeleke Villawood, na kamati na kanisa wakasikia mpaka amina.

Mara mlango ukagongwa. Nikajua ndio hao. Kumbe Mama Furaha, amesimama mbali, sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu, iko chini kwenye ngazi.

"Mzee Yohana, vita tumeikimbia wote," akasema. "Ukamwona simba, ukanitupa mimi kwake. Na simba mwenyewe hayupo."

Akageuka, kisha akaongeza, "Hiyo sombe niliipika ya kukupongeza. Kula, itaharibika."

Kamati ilipokea pia maandishi. Nilimwomba aniandikie, akakataa, niandike mwenyewe. Basi kwa mkono huu ulioishia darasa la tatu, nikaandika kwa herufi kubwa: MIMI YOHANA NAPINGA. MKATABA UONEKANE. MAMA FURAHA HANA KOSA. Sheria ilipita hata hivyo, na hakuna aliyekuja kugonga.

Nikaapa sitapiga tena makofi kabla ya kujua yanapigiwa nini. Hata siku ya kiapo cha uraia, baada ya kufunguliwa, watu walishangilia mimi nimekaza mikono mapajani, jasho linanitoka, nikamgeukia Mama Furaha nikamnong'oneza, wanashangilia nini?

"Jina lako, baba," akasema. "Wamesoma jina lako."