Kopo Chini ya Kitambaa

Asubuhi ile kopo lilikuwa mezani, kati ya jibini na birika la kahawa, limefunikwa kitambaa cha vyombo. Torbjørg, mke wangu, alikuwa ametoka kulichukua ghalani. Nje baridi ilikuwa kali, ukivuta pumzi pua inaganda. Kopo lenyewe zamani lilikuwa la biskuti. Ndani yake kulikuwa na kile kidude cheusi cha kuwekea nakala za vitu vyake vya kompyuta. Diski, ndivyo wanavyoiita. Nilimwuliza kwa nini asiichomeke sasa hivi amalize. Akanijibu, akaendelea kupaka siagi mkate wake.

Ndiyo ilikuwa asubuhi ya mwisho. Hatukujua, kwa hiyo tuliongea habari za koleo la theluji na kondoo mmoja anayechechemea.

Mke wangu alikuwa ameajiriwa na halmashauri kuwahudumia wazee majumbani. Aliwaogesha, akawapikia uji, akawakata kucha. Bonde letu ni refu na nyumba ziko mbalimbali, na yeye alijua kila nyumba ufunguo unafichwa wapi. Siku moja alikuwa akimsugua mgongo bibi mmoja, bibi akamwambia avute boksi la viatu lililo chini ya kitanda. Lilijaa picha. Bibi akachagua moja, mwanamke kijana ameshika ndoo, akasema, "Huyu ni mama yako."

Torbjørg hakuwa na picha ya mama yake. Mama alikufa mapema, na baadaye nyumba yao ikaungua, picha zote zikaenda. Kilichopona ni ghala. Kwetu ghala la chakula hujengwa kando na nyumba, juu ya miguu ya mawe, panya wasipande na moto usiruke. Torbjørg na nduguze walikula unga na nyama kavu ya ghala lile mpaka theluji ikayeyuka.

Tangu siku ya ile picha ya ndoo, akaanza. Alinunua kompyuta na mashine ya kuskani. Kila nyumba aliyoingia aliomba boksi la picha. Alikaa na mzee, akamwuliza huyu nani, na huyu, na yule mwenye mbwa. Akaandika majina. Mimi kuandika si kazi yangu, shule niliiacha nikaenda msituni kukata miti. Nilimchemshia kahawa tu. Lakini nilielewa anachofanya. Mtu yuko pichani, anacheka, lakini akifa wa mwisho anayemjua, inabaki kofia na koti.

Hofu yake ilikuwa moto. Akiongeza majina mapya hatulii mpaka ayanakili. Majina yalikuwa kwenye kompyuta sebuleni, na nakala yake ghalani, ndani ya kopo lililotundikwa kwenye msumari kando ya miguu ya kondoo iliyokaushwa. Alitaka na nakala nyingine nje ya shamba kabisa. Alisema ghala nalo ni mbao. Hapo ndipo aliposhindwa kuamua. Jirani husahau hata alikoegesha trekta lake. Benki ya bondeni ilishafungwa. Binti yetu Gunnvor, aliyeko mjini Trondheim, alitaka ziwekwe mtandaoni. Walibishana kwa simu jikoni, sauti ya Gunnvor ikitoka kwenye spika, nami nasikia.

"Huko mtandaoni ni wapi?" Torbjørg akauliza. "Nikitaka kwenda kuzitazama, nashuka kituo gani?"

"Huendi, mama. Zinakaa kwenye mitambo ya kampuni, mbali huko."

"Kwa hiyo kwa watu."

"Kwa watu, ndiyo. Wanajua kulinda kuliko kopo lako la biskuti."

"Mwanangu, mimi hata chupi yangu sianiki kwa watu nisiowajua."

Gunnvor akacheka, akasema basi mama abaki na panya wake. Torbjørg naye alicheka. Simu ilipokatika alisukuma sahani pembeni na chakula hajakimaliza.

Wiki ile alikuwa na boksi la mzee Sjugurd. Yeye ndiye pekee aliyebaki anayewajua watu wa mashamba ya juu, yale yaliyohamwa. Pumzi yake ilikuwa inakwisha. Torbjørg alikuwa akirudi kutoka kwake anaandika hajavua hata koti.

Basi asubuhi hiyo tulikunywa kahawa, nikaenda kumtazama kondoo, kisha nikapita msituni kupakia kuni. Niliporudi mchana alikuwa amelala kwenye theluji kati ya nyumba na ghala. Kopo lilikuwa karibu na mkono wake, limefungwa. Nilimwita. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani na kwamba hakuhisi kitu. Walipomchukua, nililiokota kopo nikaenda kulitundika kwenye msumari wake. Sikuwa na jingine la kufanya.

Mazishi yalipokwisha ndipo swali likaja, likakaa na mimi. Alikuwa analirudisha kopo. Je, alikuwa amemaliza kunakili? Alilitoa asubuhi ile ile, na kila mara alikuwa halifungui mpaka ile baridi ya ghalani ilitoke. Muda ulitosha? Au alijisikia vibaya, akaacha kila kitu, akataka hewa tu? Nilijaribu kukumbuka kama kompyuta ilikuwa inawaka nilipoingia ndani. Sikumbuki. Nilikuwa natafuta blanketi.

Mwezi haukuisha, Sjugurd naye akafa.

Gunnvor alikuja theluji ikiwa bado nzito. Aliwasha kompyuta ya mama yake. Kioo kikabaki cheusi, na ndani kitu kikawa kinagonga, kinagonga. Tukaipeleka mjini kwa fundi. Aliifungua, akatikisa kichwa, akasema kile kinachotunza kumbukumbu kimekufa. Akauliza kama tuna nakala. Gunnvor akanitazama. Nikasema ipo moja.

Tuliporudi aliliendea kopo ghalani mbio mbio, akalileta mezani. Lilikuwa na ukungu mweupe wa barafu. Kabla sijakaa alikwisha kutoa kompyuta yake ndogo, waya uko mkononi. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Bado," nikasema.

"Baba, tafadhali. Siwezi kungoja."

"Ngoja hivyo hivyo."

Nikaleta kitambaa cha vyombo nikalifunika. Baadaye kidogo nikainua pembe yake, akaona mwenyewe. Kopo lote lilikuwa linatoka jasho, matone yanateleza mpaka mezani; tungelifungua, maji hayo yangeishika diski na kuiua. Akauweka waya chini. Alikaa amejikumbatia kama mtu aliye hospitali anangoja kuitwa. Mimi nilichonga kijiti ambacho sikukihitaji.

"Kama hazimo?" akauliza.

"Za zamani zimo."

"Nasema za mzee Sjugurd."

Nikageuza kijiti, nikachonga upande wa pili. Nilikuwa naona kopo kwenye theluji na mkono wa mama yake.

Kifuniko kilipokauka tukangoja tena. Kisha nikamwambia, "Haya." Akachomeka. Taa ndogo ya diski ilichelewa, halafu ikawaka. Gunnvor alisoma kwa sauti, nyumba kwa nyumba. Mpaka akasoma, "Sjugurd, boksi."

Zilikuwemo. Watu wa mashamba ya juu na majina yao, na ng'ombe mmoja na jina lake. Tulizipitia zote. Picha ya mwisho ni ya kuvuna nyasi, watu wamesimama mstari. Majina yanaanza kushoto, yanakwenda mpaka kwa mwanamke mwenye reki, kisha basi. Waliobaki upande wa kulia hawana. Labda Sjugurd alichoka. Labda Torbjørg aliyaandika mengine baada ya kunakili, yakafia kwenye ile kompyuta. Hatutajua. Gunnvor alilia kwa ajili ya hao wa kulia, na wala si jamaa zetu.

Akaniuliza tufanye nini sasa. Mama yake hakuwahi kuamua, kwa hiyo niliamua mimi. Nilisema nakala moja aende nayo Trondheim. Nyingine iende huko mtandaoni, kwa watu. Diski ikarudi kwenye kopo, kopo kwenye msumari. Nilipokuwa nalitundika nilimwambia Torbjørg asinikasirikie.

Nilidhani nitatulia. Sikutulia. Hofu aliyokuwa nayo imenihamia. Upepo ukivuma natoka nje kunusa kama kuna moshi. Kila nikishindwa kuvumilia nalitoa kopo, nampigia Gunnvor, ananielekeza la kubonyeza kwenye kompyuta ndogo aliyoniachia, natazama kama yule mama wa ndoo bado yuko. Lakini kabla ya hapo nalifunika kitambaa na kukaa. Hapo ndipo pagumu. Vidole vinataka kufungua. Naanza kufikiri kwamba asubuhi ile angeharakisha kidogo, wale wa kulia wangekuwa na majina.

Nami ndiye niliyemwuliza kwa nini asimalize sasa hivi. Alikuwa na kisu kwenye siagi, hakuinua hata uso. Alisema, "Kiache kipate joto kwanza, Halvard. Nani anatufukuza?"