Springi za Lori

Baba yangu ana gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane, usukani kushoto. Alilinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Mama hakulipenda. Kila tuta lilimrusha kwa kishindo na kelele, na kwenye kona alishika dashibodi kama mtu anayezuia ukuta usimwangukie. Mgongo wake ulipoanza kuuma, niliamua kulitengeneza gari hilo mimi mwenyewe, maana Baba alikuwa akisema tu, "Gari ndivyo lilivyo."

Fundi mmoja wa gereji ya Igoma alilala chini yake, akatoka anacheka. "Dada, nani aliweka springi za lori huku nyuma?"

Nilimpigia Baba simu. Akakumbuka: aliziongeza wakati anajenga nyumba yetu ya Mkolani, ili abebe saruji. Nyumba ilikwisha mimi nikiwa shule ya msingi. Miaka yote hiyo tulikuwa tukirushwa kwa ajili ya saruji ambayo haikuwepo.

Fundi alizitoa, akabadilisha mipira iliyochakaa kwenye maungio ya mbele, akafunga shokapu mpya za kuzuia gari lisidundedunde, akapunguza upepo kwenye tairi. Nilitoka gereji nikitabasamu. Nilipofika kona ya kwanza gari likalala upande, likainuka, likalala tena. Baba alilijaribu, akanirudishia ufunguo. "Umelilewesha."

Nikarudi Igoma. Fundi alikuna kichwa, akakiri kwamba shokapu alizofunga zilikuwa za gari dogo. "Tuweke ngumu."

"Si tumetoa springi ngumu ili liwe laini?"

"Springi laini, shokapu ngumu."

"Sasa litakuwa laini au gumu?"

"Vyote viwili," akajibu, na kwa uso wake niliona hata yeye hana hakika. Alifunga, akapima magurudumu ya mbele mpaka yakatazama njia moja. Nililiendesha hadi Buhongwa na kurudi. Lilipita kwenye mashimo bila kunirusha, na kwenye kona lilitulia. Mpaka leo sielewi vizuri kwa nini.

Jumamosi hiyo tulikwenda Sengerema kumwona mama mdogo, aliyekuwa ametoka hospitali. Baba aliendesha, Mama akakaa mbele, mimi nikajikunja nyuma. Tulipoingia darajani Kigongo, ziwa likiwa pande zote mbili, gari lilikuwa kimya kiasi cha kusikia bangili za Mama zikigongana.

"Nataka kurudi nyumbani," Mama akasema.

"Si tunarudi jioni?" Baba akauliza.

"Sisemi Mkolani. Nasema nyumbani, Kagera. Nikalime migomba yangu."

Baba alipunguza mwendo. "Umeanza lini mawazo hayo?"

"Nilikwambia tukitoka kwenye ubatizo wa mjukuu. Ukaitikia kwa kichwa."

"Sikusikia! Nilidhani unalalamikia mashimo."

Nilijifanya natazama maji. Nilitamani kelele zile za zamani zirudi, hata kwa dakika chache, ili nisisikie Baba akiuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

"Wewe una kazi zako hapa," Mama akajibu. Hakuwa na hasira. Alisema hivyo kama anavyosema chumvi imekwisha.

Baba akaongeza mwendo, tukapita Busisi, ng'ambo ya daraja, mpaka Sengerema. Kwa mama mdogo walicheka, wakala, Baba akajisifia jinsi gari lake lilivyo laini sasa. Nilishindwa kujua nimeona nini pale darajani: ugomvi, au watu wawili wakipatana.

Mama alihama kabla ya mvua. Baba alimpeleka mwenyewe kwa gari hilo, akakaa huko zaidi ya alivyopanga, kisha akarudi peke yake. Siku hizi huenda huko mara kwa mara. Hurudi na ndizi nyuma ya gari, mchangamfu, halafu jioni anazunguka ua wa Mkolani kama mgeni.

Juzi nilimuuliza kama ana amani.

"Gari zuri sana siku hizi," akasema.

"Baba, sikuuliza gari."

Akanitazama. "Najua," akasema, akaingia ndani kuosha mikono, na mimi nikabaki uani, nisijue nimfuate au nimwache.