Kigelegele Kisichokuwa Changu

Watu wa Kisauni waliniita Mtoa Sadaka, na halikuwa jina la sifa. Nikipata mpira wa kikapu sikai nao. Naudunda mara mbili tatu, nawavuta walinzi kwangu, kisha nampa mwenzangu aliyeachwa peke yake.

"Kila mpira sadaka!" vijana walipiga kelele. "Ewe, nawe onja japo kimoja!"

Walidhani ni moyo mzuri. Kweli ni kwamba sikuwa na wa kumfurahisha. Akina mama walikuja kutazama, wakakaa mikekani nyuma ya mlingoti wa kikapu, na kila mama alimpigia kigelegele mwanawe tu. Kumpigia wa mwenzio ilikuwa kama kumposea mtoto wa watu bila kuulizwa. Basi kila mchezaji alitaka kufunga mwenyewe ili mamake asikike. Tulishindwa mechi nyingi kwa ajili ya vigelegele. Mimi mamangu alikuwa kaburini Likoni tangu kabla sijaacha shule, kwa hiyo kutoa pasi hakukunigharimu kitu.

Kisauni nilifika kwa siku mbili, kutazama wanavyochoma chokaa. Nikakaa mwaka mzima nyumbani kwa mchezaji mwenzangu mmoja, kwa sababu mamake hakuniuliza naondoka lini. Macho ya mama yule yalikuwa yameingia ukungu. Mpira ukiingia kikapuni, jirani humgusa kiwiko, "Wako huyo," naye hapo hapo hupiga kigelegele kirefu kuliko vyote.

Uhuru ulikuwa karibu, kila mtu akitaja kazi zitakazopatikana. Msimamizi wa karakana moja ya Changamwe alituma habari kwamba atakuja kututazama. Karakana ilikuwa na timu yake, na atakayempenda angemwajiri. Nafasi moja tu. Babake rafiki yangu, yule niliyekaa kwao, alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumba nzima ilimtegemea huyo mwanawe.

"Mimi kazi siitaki," nilimwambia tukienda uwanjani. "Mipira yote leo yako."

"Apa."

"Wallahi."

Nikatimiza, karibu mpaka mwisho. Nilimpa kushoto, nilimpa kulia, akafunga, mamake akapiga vigelegele mpaka sauti ikaanza kumkauka. Tukawa sare. Mwamuzi alikuwa ameshatia kipenga mdomoni, anatazama saa, mpira ukanifikia mimi.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba walinzi wawili walikuwa wamemzunguka. Hawakumzunguka. Alikuwa peke yake chini ya kikapu, mkono juu, ananitazama.

Nilitaka kujua. Sina sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonitoa shuleni na kunizungusha pwani nzima. Nilitaka kujua, nikifunga mimi, uwanja utanyamaza?

Nikarusha. Mpira ukaingia.

Uwanja haukunyamaza. Mama yule hakungoja kuguswa kiwiko. Alijua mpira wa mwisho ni wa nani, tulikuwa tumemwambia tulipofika uwanjani. Akapiga kigelegele ambacho sijasikia mfano wake, kisha jirani akamwinamia sikioni, kikakatika katikati.

Msimamizi alinijia mimi. "Wengine wanajua kufunga tu," alisema. "Wewe unajua kutoa, na unajua wakati wa kutotoa. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta."

Ningeweza kumwambia amchukue rafiki yangu. Nilisema, "Ahsante, bwana."

Rafiki yangu alinifuata ninakonawa miguu. "Ungeniambia tu kama unaitaka."

"Siitaki."

"Basi hilo ndilo baya zaidi," alisema.

Karakanani sikumaliza miezi mitatu. Nilichoka na kelele za vyuma, nikasikia watu wanasifu Vanga, nikaenda kuitazama Vanga. Nafasi yangu alipewa mtu nisiyemjua. Rafiki yangu alikwenda kukata mkonge, na tangu hapo hatujasalimiana.

Lakini linalonirudia ni la alasiri ile ile, kabla ya adhana ya Magharibi. Mama alitandika mkeka, akaweka sinia moja kama siku zote, mimi na mwanawe tule pamoja. Mwanawe alinawa mikono, akaitazama sinia, akatoka. Nikainuka nami.

"Keti, mwanangu," mama alisema. Alipapasa sinia kwa vidole, akakipata kichwa cha samaki, akakisukuma upande wangu. Siku zote kilikuwa cha mwanawe.

"Mama, kile kigelegele..."

"Nimeambiwa. Nimeshakipiga, hakirudi kinywani. Kula."

Nilikuwa na njaa. Nikala.