Kichwa cha Padre

Nilijifunza kukata nywele kwa sababu kundi la cherehani lilikuwa limejaa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yakifungwa moja baada ya jingine, na lile nililokuwa nikifanya kazi ya kupiga chapa pale Songea likafikiwa na zamu yake. Tuliitwa kantini, tukapewa soda, kisha mkubwa mmoja kutoka makao makuu akatueleza kwamba hatujafukuzwa, tumepunguzwa tu, na kwamba kuanzia siku ile sisi ni watu huru wa kujiajiri. Tulipiga makofi. Nadhani tuliipigia soda. Nilipofika nyumbani Mfaranyaki nikamsimulia mama habari za uhuru wangu, naye akaniuliza uhuru huo unalipwa tarehe ngapi.

Baadaye ukaja mradi wa kutusaidia sisi tuliopunguzwa. Siku ya kujiandikisha nilikuwa Mshangano napalilia mahindi, nikachelewa. Afisa aliyekuwa akiandikisha akaniambia ushonaji umejaa, kuku wa mayai wamejaa, kisha akanitazama kichwani kwa muda.

"Kwenye nywele kuna nafasi," akasema. "Na wewe mwenyewe unazo, kwa hiyo umeshaanza."

Nilikuta karibu kundi zima limeingia kwa mlango huohuo. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa dereva wa zamani wa ofisi yetu, bonge la mtu mwenye mikono mikubwa, aliyezoea kuendesha lori la tumbaku kutoka Namtumbo. Yeye alikuwa ametaka kuku. Upande wa pili alikaa mama aliyekuwa akitupikia chai kantini. Yeye alitaka cherehani, tena alikuwa nayo nyumbani.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Mtaalamu alitoka Dar es Salaam, kijana nadhifu mwenye mkoba wa ngozi na sauti ya kutangazia mpira. Yeye mwenyewe alikuwa amenyoa kipara. Hilo lilipaswa kutushtua, lakini tulidhani ndivyo wataalamu walivyo.

Alitundika ukutani picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye nywele zilizomwagika hadi mabegani, kichwa kizima kimechorwa mistari kama ramani ya mashamba ya kijiji. Akaanza kutufundisha kanuni. Kichwa hakikatwi kwa mkupuo, kinagawanywa kwanza, na kila sehemu inabanwa kivyake. Unaanzia kisogoni na kishungi kimoja chembamba, na hicho ndicho kinakuwa kipimo cha vingine vyote. Nywele unazishika kati ya vidole viwili, unazivuta kwa nguvu ileile kila upande, unaangalia pembe ya mkono wako, ndipo unakata. Ukimaliza unazigawa upya kwa mkato mwingine na kukagua, kwa sababu jicho linalokata ndilo linalodanganya. Alisema vizuri sana. Hata leo sina kanuni yoyote ya kumsahihisha.

Mama wa kantini akanyoosha mkono. Akauliza kwa heshima nywele zenye urefu wa punje ya mchele zinashikwaje kati ya vidole viwili. Mtaalamu akatazama picha, akatutazama sisi vichwani, akarudi kwenye picha. Akajibu kwamba kanuni ni za kimataifa. Tukaandika: za kimataifa.

Siku nyingine akatufundisha kwamba nywele zikilowa hurefuka na zikikauka hufupika. Hapo pakatokea ubishi, maana sisi sote tunajua zetu zikinyeshewa hujikunja na kupanda juu. Dereva alisema mkewe akipigwa na mvua anapoteza nusu ya nywele zake kwa macho. Mtaalamu akatusikiliza kwa upole, kisha akasema kwenye mtihani swali litakuja kama alivyolifundisha yeye. Ubishi ukaisha.

Kwa kuwa hatukuwa na nywele za kimataifa, tulifunga singa za katani kwenye vibuyu na kuvikata. Ninasema bila majivuno kwamba tulikuwa hodari. Kibuyu cha dereva kilipendeza hata wanafunzi wa ushonaji wakaja kukiangalia. Shida ya katani ni kwamba ikilowa inabaki vilevile na ikikauka inabaki vilevile, kwa hiyo ile kanuni ya maji tuliihifadhi kichwani tu, kwa ajili ya mtihani.

Mtihani sasa. Mwongozo wa mradi ulidai kichwa cha mtu hai, chenye nywele za kutosha kushikwa. Mtaalamu alikwenda mwenyewe kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja, ambaye mkewe alikuwa na msuko unaofika kiunoni. Alirudi haraka na hatukumuuliza. Wanawake wa mjini waliolainisha nywele kwa kalikiti nao walikataa, kwani hakuna aliyekuwa tayari kukaa saluni kutwa nzima na dawa kichwani halafu amkabidhi matokeo dereva wa lori. Ndipo mmoja wetu akamkumbuka padre.

Padre wetu alikuwa mzee wa Kizungu aliyefika Ruvuma kabla baadhi yetu hatujazaliwa, na Kingoni chake kilitushinda sisi tuliokulia mjini. Sista aliyekuwa akimkata nywele alikuwa amehamishiwa misheni nyingine, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumgusa, hivyo mvi zake zilikuwa zimeshuka mpaka zinafunika kola. Nilitumwa mimi, kwa kuwa niliimba kwaya. Nilimkuta anamwagilia kabichi.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuungama?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kuazima kichwa. Nikamweleza habari yote, mradi, vibuyu na mtihani. Akaweka ndoo chini.

"Mtakirudisha?"

"Tutakirudisha, Padre."

Kesho yake akaja ukumbini, akakaa kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni. Tuliziosha nywele kama tulivyofundishwa na kuzigawa kwa mistari iliyonyooka. Mimi nilipewa kisogo na upande wa kushoto, dereva akapewa upande wa kulia, mama wa kantini akapewa juu. Mtaalamu alisimama mbali akielekeza kwa chanuo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu afike Songea sikuwahi kumwona ameshika mkasi. Nilikata kishungi changu cha kipimo nikashangaa jinsi nywele zile zinavyotii. Tulipomaliza zilikuwa zimelala vizuri, zimekoma chini kidogo ya masikio, pande zote sawa. Mtaalamu akatupa alama za juu palepale. Padre akaenda kukaa juani barazani ili zikauke.

Zikakauka. Zilianza kuinuka taratibu kama donge la maandazi lililotiwa hamira, na zilipofika mwisho wa kuinuka masikio yote mawili yalikuwa nje, la kulia likiwa nje zaidi. Ile nguvu ya kuvuta ambayo inapaswa kuwa sawa kila upande haikuwa sawa, kwa kuwa upande mmoja ulivutwa na mpiga chapa na mwingine ulivutwa na mtu aliyezoea usukani wa lori. Juu, palipokatwa na mama wa kantini, palikuwa na ngazi.

Tukamrudisha kitini. Nikapunguza kushoto ili kufuate kulia, nikapitiliza. Dereva akapunguza kulia ili kufuate kushoto. Kila upande mmoja ulipotendewa haki, mwingine ukawa umeonewa. Mtaalamu aliita kazi ile marekebisho, neno tulilokuwa tukilisikia sana redioni miaka ile, na sisi ambao tulikuwa tumesharekebishwa tulijua yanakoishia. Padre alikaa mikono juu ya magoti, macho ameyafumba. Mwishowe dereva, bila kuambiwa na mtu, akafungua mfuko wake na kutoa mashine ya mkono, ile ya kubana kama koleo, aliyokuwa nayo tangu alipokuwa jeshini. Akaipitisha kutoka paji la uso hadi kisogoni mpaka pakawa hapana la kurekebisha.

Padre akajipapasa kichwa chote polepole.

"Zitaota," akasema. "Wote wamefaulu?"

Mtaalamu akasema wote wamefaulu.

"Basi."

Jumapili, tukiwa kwaya, nilimwona anaingia na kile kichwa kinang'aa, na nikaona kanisa zima linainamisha macho. Sikuelewa mara moja. Nilielewa misa ilipokwisha, bibi mmoja kiongozi wa akina mama wa parokia alipomfuata mlangoni, akapiga magoti na kusema, "Pole kwa msiba, Padre." Kwetu mtu mzima aliyekuwa na nywele zake, ukimwona ghafla amenyolewa zote, hujiulizi. Amezika.

Padre akamweleza kwamba hakuna msiba, amenyolewa na semina. Bibi akawageukia wenzake. Wakaafikiana hapohapo kwamba Wazungu huficha machozi yao, na kwamba mtu akianza kutaja semina ujue uchungu umemzidi.

Jumatatu rambirambi zikaanza. Watu walileta unga, maharage, kuni, na kuku waliofungwa miguu wakarundikana kwenye baraza ya nyumba ya mapadre. Wanawake walikaa chini uani wakiimba nyimbo za msiba. Wenye maduka wa ng'ambo ya barabara, ambao ni Waislamu, nao wakaja na kanzu zao kumpa mkono na kumwombea marehemu, ingawa hakuna aliyewaambia marehemu ni nani. Mtaalamu akachanganyikiwa. Aliniambia niende kwa padre haraka nikamwombe atangaze rasmi kwamba ile ni kazi ya mradi, kwa sababu mafanikio yakigeuka kuwa matanga hatajua ayaandikeje kwenye taarifa.

Nilimkuta padre sebuleni, karibu na mlango, amekaa kwenye mkeka na yule bibi. Nilisalimia nikakaa pembeni, nikingojea nafasi ya kufikisha ujumbe wangu. Padre alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo.

"Mama yangu alifariki mimi nikiwa hapa," alisema. "Miaka mingi imepita. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa, na nauli ya kwenda haikuwepo. Nilimsomea misa, nikaenda kulima. Hakuna aliyejua, kwa sababu sikumwambia mtu." Akawatazama wanawake waliojaa uani. "Sasa watu wamekuja. Niwaambie wachukue kuku wao warudi?"

Bibi alimuuliza mama yake aliitwa nani. Padre akamtajia. Bibi akalirudia lile jina, likamshinda, akalirudia tena polepole mpaka likamkaa mdomoni, kisha akainuka, akatoka nje na kuwaambia wenzake jina la marehemu. Wimbo uliofuata waliliingiza humo. Padre akavua miwani.

Ujumbe wa mtaalamu sikuufikisha. Nilimpa padre pole yangu, nikaenda jikoni kusaidia kusonga ugali.

Wakati wa kupokea vyeti kuku walikuwa bado wengi kuliko uwezo wa padre kula, akatupa sisi wahitimu. Mgeni rasmi kutoka ofisi ya mkoa alikula mapaja mawili, kisha akasimama na kuusifu mradi kwa kutenga fungu zuri la chakula, jambo ambalo alisema miradi mingine iige. Mtaalamu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbuka jinsi alivyolitenga. Vyeti vilisema tumehitimu ukataji wa nywele wa kitaalamu kwa viwango vya kimataifa. Dereva aliomba tena kuhamishiwa kuku, akajibiwa kwamba yeye sasa ana taaluma. Mwaka uliofuata tulisikia mtaalamu yuko kijiji kimoja upande wa Namtumbo akifundisha ufugaji wa samaki, na kwamba anafundisha vizuri.

Sisi watatu tulifungua kibanda cha mbao Mfaranyaki, mimi, dereva na mama wa kantini. Tulianza upya kabisa. Tulijifunza kukata nywele zetu zikiwa kavu, kuziinua kwanza kwa chanuo mpaka zisimame zote, kurudi nyuma hatua kadhaa na kuutazama mviringo kwa mbali kama mtu anayetazama paa la nyumba yake. Zile kanuni hazikuwa za uongo. Kipimo ni kipimo, na kukagua mara mbili kumetuokoa mara nyingi. Ila zilihitaji kuzungumzwa na vichwa vilivyopo.

Nywele za padre zilipoanza kuota, akina mama wa parokia hawakumruhusu azikate tena mpaka waanue matanga. Walipika ugali na maharage kwa ajili ya mwanamke aliyezikwa Ulaya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, wakamwombea kwa jina lake wakilitamka kila mmoja anavyoweza. Wiki ile ile padre akaja kibandani, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake nyuma ya mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuja mjini kuuza. Mkulima akataka kumpisha, padre akakataa.

Kwa hiyo nikaanza na mkulima. Alikaa, akavua kofia, akasema nimnyoe zote. Nilishika mashine, nikasita, nikamuuliza kwanza kama kuna msiba. Akasema hakuna, ni joto tu.