Machela ya Bondeni

Mimi ndiye niliyeichagua ile machela, na ningerudishwa dukani leo ningechagua ile ile. Nalisema mapema kwa sababu ukoo wa mume wangu umeinung'unikia tangu miaka ya sitini, na wengi wanaonung'unika hawakuwahi kuishika kwa mkono.

Mume wangu alikuwa amepata kibarua cha kukamata mbung'o katika bonde la Lambwe. Kikosi chao kilipiga kambi porini miezi kwa miezi. Mchana walitembea na kitambaa cheusi kilichowavuta wale inzi, wakawanasa kwa vyavu vya mkono. Usiku walilala chini. Mwenzake mmoja alijigeuza usingizini akamlalia kifutu, nyoka mvivu aliyekuja kutafuta joto, akaumwa. Niliposikia habari hiyo nilisema mume wangu hatalala chini tena. Ndoa yetu ilikuwa changa na nilimpenda bila aibu.

Tukaenda Homa Bay, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, aliyeuza mahema na mablanketi yaliyobaki jeshini. Alikuwa na vitanda vya kuning'iniza vya namna mbili, kimoja cha wavu wa kamba na kingine cha turubai.

"Hizi ni machela, bibi," akaniambia. "Mwafunga huku mtini, mwafunga kule mtini, basi, mtu alala raha mustarehe."

Mume wangu aliipenda ya wavu kwa kuwa nyepesi, na mgongo wa kuibeba ulikuwa wake. Mimi nikapitisha kidole kwenye tundu.

"Na mbu watapita wapi?" nikamwuliza. "Watabisha hodi?"

Akacheka, akaiacha. Nikaigeuza ya turubai nje ndani, nikavuta mishono kwa nguvu zangu zote. Nikamlaza mume wangu sakafuni kando yake, maana ni mrefu na sikutaka miguu yake ining'inie nje. Kamba za mkonge nilizikataa kwa sababu zikilowa huoza, nikaomba za nailoni. Mwenye duka akamfundisha kulala mshazari ili mgongo usipinde. Nilitoka pale nimejaa kiburi cha mtu aliyenunua kitu kizuri.

Sasa mjue kwamba mimi ni Mkuria wa Migori na mama mkwe wangu alikuwa Mjaluo. Kidholuo changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja wetu wa kugombana. Alitukuta tukiifungua uani.

"Nyar Migori, hiyo ni nini?" Ndivyo alivyoniita, binti wa Migori.

"Ni machela, Mama."

Uso wake ukabadilika. Mumewe alibebwa kwa machela, blanketi lililofungwa kwenye mti, akapelekwa hospitali na hakurudi. Kwake neno hilo halikuwa na kazi nyingine.

"Mtu akiingia hapo na miguu yake," akasema, "atatoka na miguu ya watu."

Nikamweleza kwamba kuna machela ya kubebea na machela ya kulalia. Nilimweleza kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyofaa kwa mama mkwe.

"Neno ni moja," akajibu, akaenda kuchambua mboga zake.

Mume wangu aliporudi likizo aliifunga nyuma ya ghala, akalala. Alikuwa na kichwa kinachouma na homa iliyokuja na kuondoka. Akalala asubuhi, akalala adhuhuri. Majirani waliopita kwenda soko la Rodi Kopany walitania kwamba tumefuga mzungu, na mimi nikacheka nao. Mama mkwe hakucheka. Alisema machela inamla mwanawe, akaifungua kamba na kuificha chini ya kitanda chake.

Lakini usingizi haukufichika nayo. Mume wangu alilala kwenye mkeka, akalala kwenye kigoda. Siku moja alilala tonge la ugali likiwa vidoleni, njiani kuelekea mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa amenihadithia ugonjwa wa bondeni, ule unaoletwa na mbung'o, na jina lake nililijua. Malale.

Mvua ilikuwa imekata barabara na basi halikuja. Kwenye baiskeli asingeweza kukaa, angelala na kuanguka. Nikaenda kumwomba mama mkwe ile machela. Nilimkuta ameketi mlangoni pake, tayari ameipakata.

"Nikiitoa, nimemzika," akasema.

"Usipoitoa, utamzika, Mama."

Akanyosha mikono, akanipa machela.

Wanaume wa ukoo wakapitisha mti kwenye kamba zangu za nailoni, tukaingia matopeni kuelekea hospitali ya Homa Bay. Turubai halikulegea hata kidogo. Kila boma tulilopita watu walitoka, wakaona machela na mama anayeifuata, wakavua kofia. Wanawake wakapiga nduru, kile kilio cha kutangaza msiba, na boma la mbele likaipokea kabla hatujafika. Mama mkwe akawa anakimbia mbele yetu akiwapungia mkono.

"Yuko hai! Nyamazeni, yuko hai!"

Hakuna aliyenyamaza. Nikatamani kuwarushia matope.

Ndipo mume wangu alipofumbua macho. Akasikiliza kile kilio.

"Mnambeba nani?" akauliza.

Wabebaji wakasimama. Mama yake akarudi mbio, akamfuta mvua usoni kwa kiganja.

"Hakuna mtu, wuoda, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Wewe lala tu."

"Mama!" nikapiga kelele. "Usimwambie alale!"

Alishtuka kana kwamba nimempiga kofi. Kisha akaelewa. Akaushika ukingo wa turubai, akaanza kumsemesha mwanawe: akamsema kwa ng'ombe aliyempoteza utotoni, akamtukana, akamwuliza maswali na kumfinya mpaka ajibu. Alimsemesha mpaka lango la hospitali, akaingia wodini akimsemesha. Wauguzi walimsihi apumzike, akakataa. Mume wangu alifariki wiki ile ile, mchana, na mama yake alikuwa bado anamwuliza swali.