Mgongo wa Kulalia

Binti wa Loisi, Priska, alikuwa na miezi tisa na alijua kulala kwa namna moja tu: mgongoni, ndani ya ngozi laini ya mbuzi, mama yake amepiga magoti anasaga uwele. Mgongo ukienda mbele na kurudi nyuma, jiwe likikwaruza, macho yanafumba. Ukimlaza kitandani, analia mpaka Makole nzima inajua.

Hilo halikuwa tatizo mpaka mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma. Mvua zilikuwa zimekata mapema, ghala halina kitu, na Matonya, mumewe Loisi, alikuwa ametangulia magharibi na wakata miti wa reli. Kambi ilitaka wanawake wa kusaga unga wa vibarua, na kila msagaji alirudi nyumbani alasiri na kibaba cha unga. Loisi akaenda, Priska mgongoni. Nyapara Mbwana akamtazama, akatikisa kichwa.

"Watoto hapana, dada. Juzi mmoja kapindua unga wa kutwa nzima. Kesho njoo peke yako, au usije."

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, Mama Matonya, na hapa sina budi kusema ukweli: huyu mama alikuwa na kiburi. Kwao, mwana akishaoa, mama yake anaachana na jiwe. Akionekana anasaga wakati mkwe yupo, majirani watasema ameletewa mkwe mvivu, au amegeuzwa mtumwa kwake mwenyewe. Mama Matonya alikuwa amesaga miaka arobaini, na magoti yalikuwa shahidi. Siku ya harusi ya Matonya alilipiga jiwe teke, kweli kabisa, watu wakacheka.

"Nitambeba," alimwambia Loisi. "Nitamwimbia. Kusaga, sisagi."

Siku ya kwanza Priska alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili akakataa hata uji. Loisi alirudi akamkuta amelegea, uso umevimba, akaona kosa lote ni lake. Asubuhi ya tatu alikwenda kambini akiwa ameshaamua: leo ndiyo mwisho, tutakula mlenda mtupu. Na mlenda wenyewe uliokaushwa ulikuwa umebaki kiganja kimoja.

Alasiri alirudi na kibaba chake cha mwisho. Alipokaribia nyumba hakusikia kilio. Mtoto kama yule akinyamaza, mama anafikiria mabaya tu. Alikimbia.

Mama Matonya alikuwa uani, mchana kweupe, amepiga magoti mbele ya jiwe. Wake wawili wa jirani walisimama wanamtazama, mikono midomoni. Juu ya jiwe hapakuwa na punje. Alikuwa anasugua jiwe kwa jiwe. Mgongoni kwake Priska amelala, mdomo wazi.

"Polepole," akasema bila kugeuka. "Ndiyo kwanza kalala."

Loisi akamfungua mtoto taratibu. Mama Matonya akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Ikabidi Loisi amshike makwapani amwinue, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Machozi yakamtoka.

"Utalia baadaye," mama mkwe akasema, akijipangusa vumbi la mawe. "Kesho wahi kambini. Na ukirudi uniletee pumba za huko, hata konzi moja, niwe na cha kuweka juu ya jiwe. Majirani wameniona nasaga hewa."